FYUZI HAINA KOSA

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbini mwa shule)



Katibu wa chama aliponiandikia kuniomba niseme machache, alipendekeza nizungumzie maadili ya utumishi wa umma. Nilimjibu kwamba jambo hilo wameshalisema wakubwa zangu katika mikutano iliyopita, tena vizuri, na kwamba mimi ningependa kuzungumza juu ya mashine ya kuchezea gololi iliyoundwa Chicago mwaka 1977. Akakubali, nadhani kwa sababu alifikiri natania. Sitanii hata kidogo. Kazini kwangu huwa naletewa orodha za mali inayotakiwa kufutwa daftarini, na mbele ya kila kifaa huwa pameandikwa neno moja tu: "kibovu". Kila nilionapo neno hilo huikumbuka mashine ile.

Kwanza nieleze ni kitu gani, maana huku kwetu haikuenea. Inaitwa pinboli. Ni sanduku refu lenye miguu minne, limefunikwa kioo juu, na chini ya kioo mna uwanja ulioinama kumwelekea mchezaji. Gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi husukumwa kwa springi hadi juu, kisha huteremka ikigonga huku na huku, na kila inachokigonga kina alama zake. Chini kabisa mna vibao viwili vifupi ambavyo mchezaji huvirusha kwa kubonyeza vitufe vya ubavuni, ili gololi isitumbukie shimoni. Vibao hivyo vililetwa mwaka 1947 na kampuni ya Gottlieb katika mashine iliyoitwa Humpty Dumpty. Kabla ya hapo mchezaji aliiachia gololi na kumwachia Mungu yaliyobaki. Ndiyo maana wakubwa wa baadhi ya miji ya Marekani waliuhesabu mchezo huu kuwa ni kamari. Jiji la New York liliupiga marufuku mwaka 1942, na Meya wake, La Guardia, alipigwa picha akizivunja mashine kwa nyundo. Marufuku hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1976.

Kwa miaka mingi mashine hizi ziliendeshwa kwa swichi, rilei na koili tupu. Mwaka 1977 ndipo kampuni ya Bally ya Chicago ilipoanza kuzitoa kwa wingi zikiwa na kompyuta ndogo ndani yake, yenye akili ya aina ya 6800 iliyobuniwa na Motorola. Moja ya mashine hizo iliitwa Eight Ball, na zilitengenezwa zaidi ya 20,000. Hiyo ndiyo niliyokutana nayo mwaka 2012 nilipokuwa masomoni katika jiji hilo. Ilikuwa imesimama chini ya ngazi za bweni letu. Ilikuwa haijachezwa kwa zaidi ya miaka miwili, na msimamizi wa bweni alikuwa amekwisha kuagiza gari la vyuma chakavu lije kuichukua mwisho wa mwezi. Taa zake za mapambo ziliwaka, lakini tarakimu za alama zilikuwa giza, na hakuna kilichotikisika ndani. Nikaomba niiangalie kabla gari halijafika.

Sasa nawaombeni mtazame shida aliyokuwa nayo mhandisi aliyeiunda. Ukutani kwa Wamarekani hutoka volti 120. Lakini ile akili ya kompyuta hutaka volti 5, na ukizidisha kidogo tu inakufa. Tarakimu za alama hutaka volti 190. Koili zinazorusha gololi hutaka volti 43, tena kwa kishindo. Taa ndogo hutosheka na volti sita hivi. Ni kama jiko la bwalo letu: chungu ni kimoja, lakini mgonjwa wa zahanati anataka uji mwepesi, mchezaji wa mpira anataka sahani mbili za ugali, na mwalimu wa zamu anataka chai tu. Sehemu ya mashine inayogawa chakula hicho ndiyo nitakayoisema leo, na imo ndani ya vifaa vyenu vingi vya umeme, kama redio, amplifaya na kompyuta.

Ugawaji wenyewe una hatua nne. Kwanza transfoma hupunguza au kupandisha volti. Pili, dayodi nne zilizofungwa pamoja kama daraja huupokea ule mkondo geu, yaani umeme unaokwenda na kurudi, na kuulazimisha uende njia moja. Lakini unatoka kwa vishindo vishindo, kama maji ya bomba letu mwezi wa kiangazi. Kwa hiyo hatua ya tatu ni kapasita, ambayo kazi yake ni ile ya tangi lililo juu ya bafu: maji yaingie kwa vishindo, lakini bombani yatoke sawasawa. Ya nne ni kidhibiti, ambacho hukata ziada yote na kuacha volti 5 kamili.

Anayetafuta ubovu hana budi kuzifuata hatua hizi kwa mpango, kuanzia ukutani hadi mwisho, au kuanzia mwisho kurudi ukutani. Asiyefuata mpango huanza kubadilisha vitu. Hubadilisha hiki, kisha kile, na siku mashine inapopona hajui ni kipi kilichoiponya, na siku inapokufa tena huanza upya.

Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kuchomoa plagi na kukaa kitako. Vijana, hapa naomba mnisikilize kwa masikio mawili. Kuzima swichi hakutoshi. Na hata plagi ikiwa mkononi mwako, kapasita ya upande wa tarakimu ilikuwa na zaidi ya volti 200 muda mfupi kabla, na tangi halikauki kwa sababu umefunga bomba la barabarani. Unangoja, halafu unapima kwa multimita, na ikisema bado unangoja tena. Na siku unapolazimika kupima umeme ukiwa umewashwa, usiwe peke yako, usiwe pekupeku, na mkono mmoja uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono mmoja hadi wa pili.

Nilipofungua sehemu ya nyuma na kumulika tochi, niliona jambo lililonitia hofu kuliko ubovu wenyewe. Katika kishikio cha fyuzi ya mzunguko unaolisha akili, ambacho kwa maandishi ya kiwandani hutakiwa kuwa na fyuzi ya ampea 4, fundi fulani aliyetangulia alikuwa ameizungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya fedha ya chokoleti. Ganda la waya unaotoka kwenye transfoma lilikuwa limegeuka rangi ya kahawa na kukakamaa. Juu ya ngazi zile walikuwa wanalala wanafunzi kadiri ya sitini.

Fundi yule hakuwa mjinga. Aliona fyuzi imekatika, akaweka nyingine, ikakatika, akaweka ya tatu, ikakatika. Akahitimisha kwamba fyuzi ndizo zenye kosa, na mtu mwenye kosa huadhibiwa kwa kuondolewa kazini. Lakini fyuzi ni mlinzi wa usiku anayepiga filimbi. Ukimfukuza mlinzi kwa sababu anapiga filimbi kila usiku, utalala vizuri, naam, na mwizi naye atafanya kazi vizuri. Nafuu yao ni kwamba mashine ilipogoma waliiacha bila kuiwasha; ingewashwa kila jioni, nadhani hadithi hii ingesimuliwa na mtu wa zimamoto.

Nilizitoa fyuzi zote na kuzipima moja moja zikiwa nje ya vishikio. Msizitazame kwa macho na kuridhika. Moja ilikuwa na uzi mzima kabisa ndani ya kioo, lakini haikupitisha umeme, kwa sababu lehemu ya kwenye kofia yake ilikuwa imeachia. Na ukiipima ikiwa kishikioni, kipimo kinaweza kupitia njia nyingine ya mzunguko na kukuambia ni nzima.

Kisha nikaweka fyuzi mpya zenye kipimo kilichoandikwa, si zaidi. Lakini kabla ya kuwasha, nilichomoa plagi zote zinazopeleka umeme kutoka bodi ya dayodi kwenda kwenye bodi nyingine. Yaani niliwafungia walaji wote nje ya bwalo, nikabaki na jiko peke yake. Nikawasha. Fyuzi ya ampea 4 ikakatika papo hapo.

Wanafunzi wenzangu waliokuwa wamesimama karibu walisikitika. Mimi nilifurahi sana. Nanyi tafakarini. Akili ya kompyuta haikuwa imeunganishwa. Tarakimu hazikuwa zimeunganishwa. Koili hazikuwa zimeunganishwa. Hakukuwa na mlaji hata mmoja mezani, na bado kuna aliyekula chakula chote. Basi mlaji huyo hakuwa na budi kuwa jikoni, kati ya transfoma na plagi nilizozichomoa, na katika kipande hicho hakuna vitu vingi vya kushukiwa. Fyuzi moja ya senti chache ilikuwa imenipunguzia mahali pa kutafuta kutoka mashine nzima hadi ukubwa wa kiganja. Kama ingebaki nzima, ningejua vilevile: kosa liko mbele, na ningerudisha plagi moja moja hadi ile itakayoikata.

Nikachomoa tena plagi ya ukutani, nikangoja, nikaweka multimita kwenye alama ya dayodi. Dayodi nzima hupitisha upande mmoja, na kipimo husoma karibu nusu volti. Ukigeuza waya haipitishi kitu. Daraja lile lilisoma sifuri huku na sifuri kule. Lilikuwa limeungua na kuwa kipande cha waya tu. Nikanunua jipya lenye uwezo wa ampea 35, mara nyingi ya linalohitajika, kwa dola chache, nikalilehemu likiwa limeinuka kidogo juu ya bodi ili hewa ipite chini yake. Waya uliokakamaa nikaukata na kuweka mwingine.

Safari hii fyuzi haikukatika. Kwenye bodi zile kiwanda kilichapa alama za kupimia, na kitabu cha mashine kinatoa hesabu ya kila moja: volti 5.4 za taa za uwanjani, 230 za tarakimu kabla hazijadhibitiwa, 11.9 za akili kabla hazijadhibitiwa, 43 za koili. Bila walaji zote zilisoma juu kidogo, kama inavyotazamiwa. Nikarudisha plagi moja baada ya nyingine, kila mara nikizima kwanza na kuchomoa ukutani.

Tarakimu zikawaka, lakini mashine haikuamka. Nikapima volti za akili kwenye mguu wa kidhibiti: 5.0, safi kabisa. Mafundi wengi wangeishia hapo na kusema umeme ni mzuri, bodi ya akili ndiyo imekufa, na bodi ya akili ni ghali. Mimi nilihamisha ncha ya kipimo hadi juu ya akili yenyewe, safari ya waya isiyofika nusu mita. Nikakuta 4.6.

Volti 0.4 zilipotelea njiani. Umeme haupotei hivi hivi. Panapopotea volti, mahali hapo pana ukinzani, na panapopita mkondo mahali penye ukinzani patapata moto. Kwa hiyo nikatafuta rangi. Pini mbili za plagi kati ya bodi mbili zilikuwa nyeusi, na plastiki yake imegeuka rangi ya chai. Nilipozigeuza kwenye mwanga nikaona kila pini imezungukwa na ufa mwembamba ndani ya lehemu, kama mduara uliochorwa kwa penseli kali. Miaka 35 ya kupata joto na kupoa, kutikisika na kutulia, ndiyo iliyofanya hivyo. Nikanyonya lehemu ya zamani, nikaweka mpya, nikabadilisha na vishikio vya upande wa waya, maana kubadilisha upande mmoja ni kuoa binti mzuri na kumpeleka nyumba inayovuja. Kipimo kikasoma 4.95.

Palikuwa na ubaya mwingine kwenye bodi ile, nao nautaja kwa haraka. Kiwanda kiliweka betri ndogo ya kuchaji ya kutunza kumbukumbu za alama, na betri za namna hiyo zikizeeka hutoka majimaji yanayokula shaba. Bahati njema ilikuwa imeanza kuvuja tu. Tochi, redio na vikokotoo mnavyovifungia makabatini wakati wa likizo, toeni betri zake.

Sasa naja kwenye jambo nililolipenda kuliko yote. Wahandisi wa mwaka 1977 hawakuwa na kioo cha kuandika "nina tatizo hapa". Waliweka kitaa kimoja chekundu, kidogo kama punje ya mtama, juu ya bodi ya akili. Ukiwasha mashine, akili hujipima yenyewe hatua kwa hatua, na kila hatua ikifaulu kitaa humetameta mara moja. Mara ya kwanza inasema kumbukumbu za kudumu ni nzima. Ya pili na ya tatu, kumbukumbu za muda. Ya nne na ya tano, milango inayoongea na sehemu nyingine za mashine. Ya sita, saa ya tarakimu. Ikifika mara saba, mashine iko tayari. Ikiishia njiani, unahesabu, nawe unajua imeishia wapi.

Yangu ilihesabu sita, ikanyamaza.

Ya saba ni ya ajabu kidogo. Katika hatua hiyo akili huchungulia ule umeme wa volti 43 wa koili, ikitafuta sekunde ile mkondo unapopita sifuri, ili ijue majira ya kuwasha na kuzima taa zake. Umeme wa koili usipofika, akili hungoja. Inangoja bila kuchoka, kama mgeni rasmi asiyetaka kuketi mpaka wimbo upigwe, na mtazamaji anadhani kompyuta ndiyo mbovu, kumbe ni nzima na ina adabu. Nikapima alama ya volti 43: sifuri. Fyuzi yake ya ampea 5 nzima, nilikwisha ipima nje. Nikaigusa kwa kijiti kikavu, volti zikaja, nikaachia, zikaondoka. Kishikio chake kilikuwa kimelegea kwa joto la miaka mingi, hakikubani tena. Kishikio kipya kilikuwa cha bei ya andazi. Nikahesabu kitaa: sita, halafu saba, na chini ya uwanja koili ikapiga kishindo na kuitupa gololi kwenye mlango wa springi. Gari la chuma chakavu lilikuja Jumatatu, likarudi tupu.

Jumlisheni gharama: daraja moja la dayodi, kishikio kimoja, pini chache, fyuzi, lehemu ya urefu wa mkono, na jioni tatu. Katika vitu hivyo hakuna hata kimoja kilichokuwa "bodi". Na orodha ya mali ingesema "mashine ni mbovu", na orodha isingedanganya.

Kwa wale wenzetu wanaoleta vyombo kutoka Marekani, neno moja la pembeni: vya kule hutazamia volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, vya kwetu ni 230 na 50. Someni kibandiko nyuma kabla ya kuchomeka. Transfoma za mashine kubwa kama ile aghalabu huwa na ncha za kubadilishia volti. Vyombo vidogo vingi havina, navyo hupiga kelele mara moja tu.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kuwashawishi mnunue pinboli. Nyuma ya karakana yetu pana stoo. Mkuu wa Shule ameniruhusu niwaambie kwamba mna vifaa saba vinavyongoja kufutwa, na kimojawapo ni amplifaya ya ukumbi huu, ambayo wahitimu wa rika langu wanaikumbuka kwa mngurumo wake. Walimu wanasema mngurumo ulizidi mpaka hotuba hazisikiki, wakaitoa. Mngurumo wa mfululizo, hata pasipo mtu kwenye maikrofoni, kwa kawaida ni tangi lililokauka, yaani kapasita iliyozeeka ambayo haitulizi tena vile vishindo 100 kwa sekunde vinavyotoka kwenye dayodi. Sisemi ndiyo hiyo. Nasema hakuna aliyepima.

Ombi langu ni hili. Kisifutwe kifaa chochote cha umeme cha shule hii kwa neno "kibovu" peke yake. Chama cha Fizikia, mbele ya mwalimu na si vinginevyo, waandike kwa kila kifaa hesabu tatu: fyuzi ilisoma nini ikiwa nje, transfoma ilitoa volti ngapi, na volti ngapi zilifika mwisho wa safari. Kikishindikana baada ya hapo, kifutwe, na aliyekifuta atajua anafuta nini. Ukaguzi wa mali ni baada ya wiki sita, kwa hiyo Jumamosi zipo tano.

Nimeleta multimita mbili, waya wa lehemu, na mfuko wa fyuzi za ampea mbalimbali, kila moja ikiwa na namba yake. Nimezikabidhi kwa mwalimu wa fizikia. Karatasi ya fedha sikuleta. Amplifaya nimeomba ipelekwe maabara saa kumi alasiri, na vijana kumi watakaotangulia kujiandikisha kwa kiranja wa maabara watakuwa nami hadi kengele ya chakula. Plagi yake nitaishika mimi mwenyewe mkononi.